GARI HALINA DEREVA: JE, DAMU INA MWENYEWE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.



Vijana wetu wanaotafuta riziki Dubai na Abu Dhabi wamekuwa wakinitumia video za magari yanayojiendesha yenyewe. Usukani unazunguka, kiti cha dereva kitupu, abiria kakaa nyuma anachezea simu. Mmoja wao akauliza: "Sheikh, gari hili likimgonga mtu akafa, diya analipa nani?"

Swali hili si la mzaha. Magari hayo yameshaanza kazi. Katika mji wa Phoenix, Marekani, kampuni ya Waymo ilifungulia umma teksi zisizo na dereva tangu Oktoba 2020. Abu Dhabi, Desemba 2024, watu walianza kuita magari ya WeRide kwa programu ya Uber. Dubai ilijiwekea lengo kwamba robo ya safari zake ziwe za vyombo vinavyojiendesha ifikapo mwaka 2030, na mwaka 2023 ikatunga sheria yake Namba 9 ya kuyasimamia.

Wapo wanaodhani fiqhi yetu haina la kusema hapa. Tutulie, tuipitie historia hatua kwa hatua.

1. MNYAMA KABLA YA GARI

Kesi ya kwanza tuijuayo ya chombo chenye mwendo wake na kisicho na akili imo ndani ya Qur'ani yenyewe. Katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Mwenyezi Mungu anatueleza hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) pale mbuzi na kondoo wa watu walipoingia usiku katika shamba la watu wengine. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud alihukumu wanyama wapewe mwenye shamba. Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na wanyama anufaike na maziwa na sufi, na mwenye wanyama alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake.

Hasara ilipata mlipaji, na mlipaji hakuangamizwa. Atakayepitia sheria zote za bima za leo atakuta zinahangaika na mambo hayohayo mawili.

Katika zama za Mtume (s.a.w.), ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.) aliingia katika bustani ya watu akaharibu. Mtume akahukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawajibike kwa uharibifu wa usiku. Sisi wa Afrika Mashariki, tunaojua ugomvi wa wakulima na wafugaji, hatuhitaji kuelezwa uzito wa hukumu hiyo. Kila upande umepewa zamu yake ya uangalizi.

Sasa iko hadithi sahihi ya Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kwamba jeraha la mnyama halina fidia. Mtu asiyesoma anaweza kuikamata hadithi hii akasema: basi na gari lisilo na dereva ni kama mnyama, likiua damu imekwenda bure. Hapana. Maulamaa wameeleza kuwa hiyo ni kwa mnyama aliyeponyoka mwenyewe bila uzembe wa mtu. Akiwepo aliyempanda, anayemswaga au anayemvuta, hukumu inabadilika. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kama Imam Nawawi alivyoandika katika Minhaj, aliye pamoja na mnyama anadhamini anachoharibu, usiku na mchana.

Wakaingia ndani zaidi. Ibn Sirin, yule taabii wa Basra, amesimulia kuwa waliotangulia hawakumtoza mtu kwa teke la mnyama, lakini walimtoza kama yeye ndiye aliyevuta hatamu. Na Hammad akasema teke halina fidia isipokuwa mtu awe amemchokoa mnyama. Basi mlipaji akawa mchokozi, hata kama hakukaa juu ya mgongo wa mnyama. Mshike vizuri huyu mchokozi, tutamhitaji huko mbele.

2. MTENDAJI, MSABABISHAJI NA FUNDI

Mafaqihi wakagawa watu wawili: mubashir, yaani aliyetenda kwa mkono wake, na mutasabbib, aliyesababisha. Anayemsukuma mtu kisimani ni mtendaji. Aliyechimba kisima njiani bila haki ni msababishaji. Mtendaji analipa hata kama hakukusudia. Msababishaji analipa akiwa amevuka mipaka au amezembea. Dola ya Othmaniya, ilipoandika sheria zake za madai kati ya 1869 na 1876 katika kitabu kiitwacho Majalla, chenye vifungu 1851, iliviweka vigezo hivi mwanzoni kabisa.

Na wapo mafundi. Asili yake, fundi uliyemkabidhi kitambaa au ngozi ni mwaminifu: kikiharibika bila uzembe wake, halipi. Lakini watu walipoanza kulegea katika amana, imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza mafundi, kwa hoja kwamba watu hawatengenekei ila kwa hilo. Hukumu ile ilihusu mali iliyokabidhiwa, si ajali za barabarani. Lakini hekima yake ni pana: fundi anajua kilichotokea ndani ya karakana, mteja hajui.

3. UKOO ULIPOKUWA BIMA

Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe, akafa yeye na mimba yake. Mtume (s.a.w.) alihukumu diya ilipwe na aqila, yaani jamaa wa kiumeni wa aliyeua. Diya kamili ni ngamia 100. Mtu mmoja ataipata wapi? Kwa hiyo mzigo wa kosa lisilokusudiwa ukagawanywa kwa wengi, ili familia ya marehemu ipate haki na familia ya mkosaji isifukarike.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, daftari la askari na posho zao, watu walikuwa wametawanyika Kufa, Basra na Misri, mbali na koo zao. Mafaqihi wa Kihanafi wakachukua kutokana na hilo kwamba walioandikwa katika diwani moja ndio aqila wa mwenzao. Yaani kundi la kubebeana mzigo linaweza kuwa la kazi, si la damu peke yake. Hapo ndipo wanazuoni wa leo wanaposhika mzizi mmoja wa takaful.

4. GARI LINAINGIA DUNIANI

Mwaka 1865 Uingereza ilitunga sheria kwamba chombo cha mvuke kinachokwenda barabarani kitanguliwe na mtu anayetembea kwa miguu ameshika bendera nyekundu. Tarehe 17 Agosti 1896, mjini London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari akafa. Anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la injini ya petroli nchini humo. Baraza la uchunguzi likasema ni kifo cha ajali. Hakuna aliyeshtakiwa. Na mwaka huohuo ile sheria ya bendera ikaondolewa.

Angalieni mtiririko huu. Chombo kipya kinakuja, damu ya kwanza inamwagika, na watu wanasema "ajali tu". Ilichukua miaka mingi mpaka damu ikapata mwenyewe.

Ujerumani mwaka 1909 iliweka wajibu juu ya mmiliki wa gari, hata kama si yeye aliyekuwa akiendesha. Mwaka 1916, huko New York, mahakama iliamua kesi ya bwana MacPherson dhidi ya kampuni ya magari ya Buick. Gurudumu la mbao lilivunjika akaumia. Kampuni ikajitetea: gari tulimuuzia wakala, si wewe, na gurudumu tulinunua kwa mtengenezaji mwingine. Mahakama ikakataa: aliyetengeneza chombo cha hatari kikitengenezwa vibaya, anawajibika kwa atakayekitumia. Hoja hii inakaribiana na ile ya mafundi wa Sayyidna Ali, baada ya zaidi ya miaka 1200.

Kisha ikaja bima ya lazima. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliianza 1927. Uingereza ikafuata kwa sheria ya barabara ya 1930. Nchi zetu zilirithi utaratibu huo kwa Waingereza. Ile tunayoiita "bima ndogo", ambayo trafiki anakuuliza stika yake, lengo lake si gari lako. Ni kwa ajili ya yule utakayemgonga.

5. MAULAMAA NA BIMA

Bima ya biashara ilitufikia kwa bahari. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1836, ni katika wa mwanzo kuijadili, aliposikia wafanyabiashara wakilipia meli zao, na hakuijuzisha. Mwaka 1979 Sudan ilianzisha kampuni ya bima ya Kiislamu. Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah, lilisema bima ya biashara ya malipo maalumu ni haramu kwa sababu ya gharari, na mbadala wake ni bima ya kusaidiana. Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu 2011.

Baraza hilohilo lilikutana Brunei mwaka 1993 likajadili ajali za barabarani. Likasema dereva anawajibika kwa madhara aliyoyaleta, na haondokewi na wajibu ila kwa mambo kama nguvu asiyoweza kuizuia, au kitendo cha aliyeumia mwenyewe kilichoathiri kwa kiasi kikubwa, au kosa la mtu mwingine, ambaye ndiye atakayelibeba. Na wakishirikiana katika kosa, kila mmoja anabeba sehemu yake.

Uamuzi mzuri. Lakini umesimama juu ya neno moja: dereva.

6. NENO DEREVA LILIPOFUTIKA

Tarehe 18 Machi 2018, usiku, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mama mmoja wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara akikokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Gari la majaribio la Uber, likijiendesha, likamgonga akafa. Ndani alikuwamo mwangalizi aliyeajiriwa kukaa nyuma ya usukani.

Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulitoa mambo mazito. Mitambo ilimhisi yule mama sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, lakini ikawa inabadilisha jina lake: mara gari, mara baiskeli, mara kitu kisichojulikana. Breki ya dharura ya kiwandani ya gari lile la Volvo ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ya Uber inaendesha. Mwanzoni waangalizi walikuwa wawili ndani ya gari, kampuni ikapunguza akabaki mmoja. Na huyo mmoja alikuwa akitazama kipindi kwenye simu yake.

Nani alishtakiwa? Machi 2019 waendesha mashtaka walisema hawaoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwangalizi alishtakiwa, na Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi. Kampuni ilimalizana na familia nje ya mahakama.

Simtetei mwangalizi. Aliyelala kwenye ulinzi ana dhambi yake. Lakini nani alivuta hatamu? Nani alimchokoa mnyama? Aliyeamua breki izimwe na mtu apunguzwe hakuonekana mahakamani.

Tukio la pili ni San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023. Gari lililoendeshwa na binadamu lilimgonga mwanamke, likamrusha mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Gari la Cruise lilimgonga, likasimama, kisha likaondoka kutafuta pembeni mwa barabara huku yeye yuko chini yake, likamburuta kama mita 6. Alinusurika. Jimbo la California likasimamisha kibali. Na kilichoiumbua kampuni kuliko ajali yenyewe ni maelezo yake: Novemba 2024 ilikubali kuwa ilipeleka serikalini ripoti isiyo ya kweli, ikatozwa faini ya dola 500,000. Mwenyezi Mungu ametukataza kuficha ushahidi, na akasema anayeuficha moyo wake una dhambi (Al-Baqara, 283). Gari hili lina kamera pande zote, kwa hiyo shahidi mkuu yuko mikononi mwa mshtakiwa.

La tatu ni la Florida. Gari la Tesla lililokuwa kwenye mfumo wa kumsaidia dereva liliua binti wa miaka 22 mwaka 2019. Dereva alikuwa ameinama kutafuta simu iliyodondoka. Agosti 2025 baraza la mahakama liligawa kosa: dereva asilimia 67, Tesla asilimia 33, na likaiamuru kampuni ilipe jumla ya dola milioni 243, nyingi zikiwa za adhabu. Ule mgawanyo ndio waliousema maulamaa Brunei: kila mmoja na sehemu yake.

7. SHERIA ZA LEO ZINASEMAJE

Uingereza, kwa sheria ya 2018, imechagua njia hii: gari likiwa linajiendesha likaumiza, kampuni ya bima inamlipa aliyeumia kwanza, kisha ndiyo imfuate mtengenezaji mwenye kosa. Mjane hatakiwi kugombana na mainjinia. Lakini bima inaweza kumkatalia mwenye gari aliyechezea programu, au aliyeacha kuweka maboresho ya usalama akijua. Sheria nyingine ya Mei 2024 inamwondolea aliyekaa kwenye kiti makosa ya uendeshaji pale gari linapojiendesha, na kumtaka mwenye kulileta gari sokoni awe mwenye kujibu.

Ujerumani mwaka 2017 ililazimisha gari kurekodi ni nani alikuwa akiendesha, mtu au mashine. Na tume yake ya maadili ikasema mwaka huohuo kwamba haifai kuiwekea mashine kipimo cha kuchagua nani afe kwa umri wake, jinsia yake au hali ya mwili wake. Sisi tunajua hilo: damu za watu ni sawa.

Tuwe waadilifu pia. Shirika la Afya Duniani linasema barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na asilimia 92 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Mashine hailewi, haisinzii, haishindani na daladala nyingine kugombea abiria. Waymo na kampuni ya bima ya Swiss Re walipima safari za kilomita zaidi ya milioni 40 wakakuta madai ya watu kuumia yamepungua kwa asilimia 92 kulinganisha na madereva binadamu. Ni utafiti ambao mwenye gari mwenyewe yumo ndani yake, tuupokee kwa kiasi hicho. Lakini kama chombo kitapunguza vifo, kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, na hatuwezi kukiharamisha kwa ugeni wake tu.

8. JIBU LA SWALI

Haya ndiyo ninayoyaona, na wenye elimu kubwa zaidi wana nafasi ya kunisahihisha.

Kwanza, gari si mnyama. Mnyama ana matakwa aliyoumbiwa na Mola wake, na kwa ajili hiyo akiponyoka bila uzembe wa mtu amesamehewa yeye na mwenyewe. Mashine haina matakwa. Kila ilichoamua, kuna binadamu aliyeiamulia kabla. Kwa hiyo aliyeitengeneza na anayeiendesha kibiashara ndio walioshika hatamu, hata kama wako ofisini ng'ambo ya bahari.

Pili, mwenye gari haponi akizembea: akiacha matengenezo, akiwasha mfumo mahali usiporuhusiwa, akageuza gari la kumsaidia kuwa gari la kumlalia.

Tatu, serikali haiponi. Imepokewa, kwa maneno mbalimbali, kuwa Sayyidna Umar alihofu kuulizwa na Mwenyezi Mungu juu ya mnyama aliyejikwaa Iraki kwa kutotengenezewa njia. Vipi juu ya mtu aliyeuawa na chombo kilichopewa kibali bila kupimwa?

Nne, diya ilipwe haraka, na mfuko wa kusaidiana ndio mahali pake. Takaful ya kampuni za magari haya inafanana sana na aqila wa diwani. Na pale sheria ya nchi inapokulazimisha bima na hakuna ya Kiislamu, maulamaa wengi wa zama hizi wamesema huna dhambi kwa kile kiasi kinacholazimishwa.

Lakini liko moja ambalo hakuna bima duniani inayoliuza. Surat An-Nisaa aya ya 92 inamtaka aliyeua kwa makosa alipe diya, na juu yake kafara: kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Diya inagawanyika kwa ukoo, kafara haigawanyiki. Na katika madhehebu ya Shafi'i kafara humgusa hata msababishaji, kama yule aliyechimba kisima njiani kwa dhulma.

Sasa kampuni inafunga vipi miezi miwili? Kampuni haina roho. Haioni njaa, haiamki usiku kulia, haitasimama mbele ya Mola Siku ya Kiyama. Watakaosimama ni watu: aliyeandika programu akijua ina kasoro, meneja aliyesema "tutoe tu", mkaguzi aliyegonga muhuri. Duniani wanaweza kujificha nyuma ya jina la kampuni. Huko kila mtu atakwenda na jina lake na la babake.

Ninawaambia hasa vijana wetu wanaosomea kompyuta na uhandisi Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na ughaibuni: ukiandika mstari mmoja wa programu utakaoshika breki ya gari, umeshika hatamu. Usiseme "mimi nilikuwa mwajiriwa tu". Ukiona kasoro, sema kwa maandishi. Wakikukatalia na roho za watu ziko hatarini, riziki ni ya Mwenyezi Mungu.

Na nyinyi mnaoendesha leo kwa mikono yenu, daladala, lori na bodaboda: msicheke sana kiti kitupu. Dereva anayeandika ujumbe kwenye simu huku gari linakwenda, kiti chake nacho ni kitupu.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nafsi za waja wako barabarani, warehemu waliotangulia kwa ajali, wape subira na haki familia zao, na utujaalie tuwe wenye kushika amana. Amin.

Wallahu a'lam.

Msambazie mwenzio apate faida. Wenye maswali waweke hapo chini kwa adabu, tutajibu inshallah kwa kadiri ya elimu aliyotujaalia Mwenyezi Mungu.